Kati ya Nukta na Wastani: Historia ya Vigeuzi vya Analogia kuwa Dijiti na Upimaji wa Mkondo wa Mapigo wa LED

Historia ya vigeuzi vya analogia kuwa dijiti kwa kawaida husimuliwa kama historia ya kuongezeka kwa biti: kutoka biti 5 za maabara za simu hadi biti 24 za chipu za leo. Masimulizi hayo si ya uongo, ila humpotosha mhandisi anayetafuta kigeuzi cha kupimia mkondo wa LED inayowashwa kwa mapigo. Hoja ya sehemu hii ni kwamba vigeuzi anavyochagulia vimetokana na koo mbili zilizozaliwa kujibu maswali tofauti. Ukoo wa kwanza huuliza mkondo ni kiasi gani katika nukta fulani ya wakati. Wa pili huuliza wastani wake katika muda fulani. Uteuzi unaoanzia kwenye idadi ya biti huliruka swali hilo.

Ukoo wa kwanza ulikulia katika simu. Mwaka 1937 Alec Reeves, mhandisi Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Paris, alibuni njia ya kusafirisha sauti kwa kuipima mara nyingi kila sekunde na kutuma namba badala ya wimbi lenyewe. Miaka kumi baadaye W. M. Goodall wa Bell Labs alieleza mfumo wa biti 5 uliochukua sampuli 8,000 kwa sekunde. Kanuni ya mfumo huo, ambayo hapa inaitwa makadirio mfululizo, ni kongwe kuliko elimu ya umeme. Mwanahisabati Mwitalia Tartaglia aliijadili mwaka 1556 alipotafuta idadi ndogo kabisa ya mawe ya mizani yanayotosha kupima uzito wowote. Muuza duka anayeweka jiwe la kilo, akaliondoa, akaweka la nusu, kisha akaongeza la robo, anafanya kazi ileile. Tofauti ni kwamba sukari hutulia kwenye kitanga, ilhali mkondo hautulii. Kinachopimwa kikibadilika wakati mawe yanabadilishwa, jibu linalopatikana haliwi la nukta yoyote.

Kwa sababu hiyo, hatua ninayoiona kuwa ya msingi katika ukoo huu ni kuingizwa kwa saketi ya kushika sampuli: kapasita inayojazwa, ikatengwa na chanzo chake, na kubaki na thamani moja hadi upimaji uishe. DATRAC, kigeuzi cha Bernard Gordon kilichotolewa mwaka 1954 na kampuni ya Epsco, kilikuwa na saketi hiyo. Kilitumia vali za utupu na umeme wa takriban wati 500, kikatoa biti 11 mara 50,000 kwa sekunde. Mwaka 1975 James McCreary na Paul Gray wa Berkeley walionyesha muundo ambamo kapasita zinazoshika sampuli ndizo hizohizo zinazotumika kama mawe ya mizani. Muundo huo ndio uliokifanya kigeuzi cha aina hii kiingie kwa urahisi ndani ya chipu.

Ukoo wa pili una njia nyingine. C. C. Cutler, naye wa Bell Labs, aliomba hataza mwaka 1954. Inose, Yasuda na Murakami wa Tokyo wakachapisha mwaka 1962 mfumo uliokuja kujulikana kama delta-sigma. Hapa kipimo ni cha kukadiria tu, lakini hurudiwa mara nyingi mno. Kosa la kila mara hurejeshwa kwenye ingizo, na kichujio hukusanya majibu yote kuwa namba moja. Usahihi wake hununuliwa kwa muda. Kwa joto au uzito, ambavyo hubadilika polepole, hiyo ni biashara nzuri.

Kwa LED ya mapigo, mambo ni tofauti. Tuchukue mkondo wa ampea 1 unaodumu maikrosekunde 10 katika kila milisekunde 1. Wastani wake ni miliampea 10. Kigeuzi cha delta-sigma kinachotoa majibu 10 kwa sekunde huunganisha takriban mapigo 100 katika kila jibu, na kitaitaja miliampea 10 hiyo kwa usahihi mkubwa. Lakini mkondo wa ampea 0.5 unaodumu maikrosekunde 20 una wastani uleule. Saketi ya kuendesha LED ikiharibika kwa namna hiyo, biti 24 hazitaonyesha lolote, ingawa mwanga wa kila pigo umepungua. Kinyume chake ni hatari zaidi: kilele kinaweza kupita kikomo cha LED huku wastani ukibaki palepale.

Kigeuzi cha makadirio mfululizo cha biti 12, chenye sampuli milioni 1 kwa sekunde, huchukua takriban sampuli 10 ndani ya pigo hilo. Mkondo ukipitishwa katika rezista ya omu 0.1 hutoa milivolti 100. Kwa kipimio cha volti 2.5, hizo ni ngazi 164 tu kati ya 4,096, hivyo amplifaya ya kukuza mara 20 ni ya lazima. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa ili amplifaya itulie kwa usahihi wa biti 12 inahitaji muda wa takriban mara 9 ya muda-thabiti wake. Yenye upana wa masafa wa kilohezi 100 huhitaji maikrosekunde 14, nalo pigo limekwisha. Yenye megahezi 1 huhitaji 1.4. Aidha, induktansi ya nanohenri 10 katika rezista, mkondo ukipanda kwa nanosekunde 100, huzalisha milivolti 100 za uongo, sawa na ishara yenyewe. Kwa hiyo sampuli ichukuliwe baada ya mpando kwisha, kwa amri ya saa ileile inayowasha LED. Isipofungamanishwa hivyo, sampuli moja kati ya 100 ndiyo itakayoliangukia pigo.

Haifuati kwamba ukoo wa pili hauna nafasi. Katika vipima oksijeni ya damu, LED nyekundu na ya infraredi huwaka kwa zamu, na kichujio chenye kumbukumbu kingeweza kuchanganya mwanga wa moja na wa nyingine. Hata hivyo, delta-sigma hutumika humo, kwa sababu saketi ya mbele hushika kila mwanga katika kapasita yake kwanza, kisha kigeuzi hupewa volti iliyokwisha kutulia.