Bohari ya Kuigiza

Kabla ya 2013, dispensari ya kijijini Kahama au Bukombe iliagiza dawa kwa karatasi pekee. Fomu ilijazwa kwa mkono kila robo mwaka, ikapelekwa wilayani, ikaishia Bohari ya Dawa, MSD. Ndipo ukaja mfumo wa kielektroniki wa kuagiza dawa, eLMIS, uliojengwa juu ya OpenLMIS, programu huria ya Java ambayo Tanzania na Zambia zilitangulia kuitumia. Hata hapo karatasi haikufa: vijijini waliendelea kuijaza, wilayani ikaingizwa kwenye kompyuta.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme dawa mseto ya malaria hutumika dozi 40 kwa mwezi, akiba inayotakiwa ni ya miezi 6, na stoo zimebaki 90: agiza 150. Lakini programu haiwezi kuipata 150 hiyo bila kuuliza hifadhidata, na oda ikishaidhinishwa huenda MSD. Mwandishi wa programu anayetaka tu kuhakiki hesabu yake hawezi kutuma oda ya kweli MSD kila mara.

Njia ya kulikwepa hilo ilipatikana London, katika kampuni ya Connextra. Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig waliieleza kwenye mkutano wa XP2000 kisiwani Sardinia, mwaka 2000. Methodi inayopimwa, yaani kipande cha programu kinachofanya hesabu, hupewa kitu cha kuigiza badala ya hifadhidata. Kimefundishwa: ukiulizwa matumizi, jibu 40, ukiulizwa stoo, jibu 90. Tena hukumbuka kiliulizwa nini na mara ngapi, na methodi ikikosea kuuliza, jaribio linaanguka. Hapo ndipo palipokuwa na upya.

Tammo Freese alitoa EasyMock, zana ya kuundia vitu hivyo vya kuigiza, mwaka 2001. Szczepan Faber aliona zana zilizokuwepo zinachosha, akaanzisha Mockito, na toleo lake la awali likafanya kazi kwenye mradi wa gazeti la Guardian mapema 2008. Mockito hiyo ndiyo iliyotapakaa katika majaribio ya OpenLMIS.

Shaka yangu ni kwamba waigizaji hawa ni watiifu mno. MSD ya kuigiza haiishiwi dawa, wala mtandao wake haukatiki mvua ikinyesha Mbogwe. Majaribio yote yatafaulu huku oda ya kweli imekwama. OpenLMIS toleo la 3, la 2017, lilipogawanywa kuwa huduma ndogondogo zinazoitana kwa mtandao, yaliongezwa majaribio yanayoziwasha huduma zenyewe kwa pamoja, zijibizane bila mwigizaji katikati.