Nani kashika rimoti?

Najua nimepotea, lawama zote napokea. Mazoezi ya kufundisha yalinibana, niliporudi chuo nikakuta majaribio yananisubiri mlangoni. Leo nawaletea historia, maana ndiyo somo langu, ila msikimbie, sio ile ya Mkutano wa Berlin. Ni historia ya runinga ya sebuleni kwetu Majengo, hapa hapa Dodoma mjini, na jinsi nilivyomkosea bibi yangu.

Kisa kilianza hivi. Nyumbani kuna king'amuzi kimoja, mimi nipo hosteli UDOM na runinga yangu ni simu. Nikaona kwa nini nisiipate runinga ya nyumbani huku huku? Baba mdogo alikuwa na kompyuta ya zamani haina kazi. Nikanunua kile kidude cha kunasa picha kinachochomekwa kwenye kompyuta, nikakiunga na king'amuzi kwa waya zile za zamani, njano, nyeupe na nyekundu. (Waya wa HDMI ulinigomea, ukawa unaleta kiza kitupu, kwa sababu vingi vya ving'amuzi vinafunga picha isinaswe kwa njia hiyo.) Kompyuta ikawa inaipunguza picha na kuirusha kwa intaneti ya nyumbani mpaka kwenye simu. Nilipoipunguza kabisa, saa moja ilinila kama MB 450 za bando. Na ili niweze kubadili chaneli nikiwa mbali, nikabandika mbele ya king'amuzi kijitaa chenye mwanga usioonekana kwa macho, uleule wa rimoti. Nabonyeza simu, kompyuta inawasha kijitaa, chaneli inahama. Jamani nilijiona profesa! Na kabla hamjaniuliza, ilikuwa ni ya familia tu, sijafungua kibanda umiza.

Kumbe wazo lenyewe ni la zamani. Kule Marekani ndugu wawili, Blake na Jason Krikorian, walikuwa wakisafiri wanaikosa timu yao ya besiboli, San Francisco Giants. Wakatengeneza kisanduku kinachofanya hayo hayo, Slingbox, kikaingia sokoni mwaka 2005. Tarehe 9 Novemba 2022 kampuni ikazima mitambo iliyokuwa inavihudumia, visanduku vikabaki pambo.

Sasa turudi kwetu. Zanzibar walipata televisheni mwaka 1973, tena ya rangi, inayotajwa kuwa ya kwanza ya rangi Afrika kusini mwa Sahara. Huku Bara serikali ya Mwalimu iliona televisheni ni anasa ya wachache wa mjini, redio inatosha. Mtu usingeweza kugombania rimoti ambayo haipo. Mpaka ikaja Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993, na mwaka 1994 ITV, DTV na CTN zikaanza kuonekana Dar es Salaam. Ya serikali, TVT, ambayo ndiyo TBC1 ya leo, ilifuata mwaka 2000. Hapo katikati wenye runinga walikuwa wa kuhesabu, na watoto wa jirani mlikuwa mnachungulia dirishani. Mwenye nyumba akisema inatosha, inatosha.

Lakini nisikilizeni hapa, kuna jambo vitabu vyetu vinalipita haraka. Enzi za antena kila runinga ilikuwa inajichagulia yenyewe. Kwetu kulikuwa na mbili, ya sebuleni na kale kadogo ka chumbani kwa bibi, kila moja na antena yake. Sebuleni mpira, kwa bibi habari, hakuna ugomvi. Kisha ikaja kuzimwa kwa analojia: Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, Dodoma na Tanga tarehe 31 Januari 2013. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nakumbuka chenga tupu kwenye ka runinga ka bibi. Nyumba ikanunua king'amuzi kimoja, na king'amuzi kinafungua chaneli moja kwa wakati mmoja. Unga runinga tano ukitaka, zote zitaonyesha hiyo hiyo. Picha ilisafika, sikatai, ila ka runinga ka bibi kakaenda kuwekewa kitambaa cha kufuma na chombo cha maua, na yeye akahamia sebuleni kusubiri zamu.

Halafu Januari 2016 serikali ikatangaza kuwa TBC1 haitarusha tena moja kwa moja vikao vyote vya Bunge, sababu ikatajwa kuwa ni gharama. Bibi hilo lilimuuma. Bunge liko mji huu huu, na yeye alikuwa analifuatilia kuliko baadhi ya wabunge! Akabakiwa na taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Hiyo haikosi.

Basi bwana, Jumamosi moja nipo hosteli na wenzangu wawili tunaangalia mpira kwenye simu, mechi imeanza saa moja. Saa mbili kamili picha ikaruka, taarifa ya habari. Nikabonyeza, mpira ukarudi baada ya kama sekunde kumi, maana picha inachelewa njiani. Ikaruka tena. Nikarudisha. Mara nne hivi, nami nailaani programu. Mara ya tano kikaja kiza, na hakikuondoka.

Wiki iliyofuata nikaenda Majengo. Bibi yuko uani anachambua mlenda, runinga imezimwa. Mama mdogo akanivuta jikoni: "Kaongee na bibi yako. Wiki nzima haangalii runinga. Anasema akili zinamtoka, anaweka habari anakuta mpira, anaogopa kutuambia."

Wadau, nilisikia miguu imeisha nguvu. Mama huyu anajua majina ya mawaziri wote, nami nimemfanya aamini anachanganyikiwa.

Nikaenda uani, nikapiga magoti, nikamwambia yote. Alikaa kimya muda mrefu mikono ikiwa kwenye mlenda.

"Kwa hiyo ulikuwa wewe."

"Ndiyo bibi. Nisamehe."

"Mjukuu wangu, kwa nini hukupiga hodi?"

Sikuwa na jibu. Niliingia ndani nikabandua kile kijitaa na waya wake, nikamkabidhi mkononi. Akakiangalia, akakifunga kwenye pindo la kanga pamoja na hela zake.

Kompyuta bado ipo, picha bado zinakuja mpaka hosteli. Ila nikitaka chaneli nyingine napiga simu.

"Shikamoo bibi. Naomba uniwekee mpira."

"Marahaba. Subiri habari ziishe."