Elimu ya Lishe na Historia Yake Katika Nchi Zetu

Kula ni jambo la kila siku, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kuwa halina haja ya kufundishwa. Kijana akisema kuwa ataka kwenda chuo kikuu kusomea udaktari au sheria, jamaa zake hufurahi. Akisema kuwa ataka kusomea lishe, yaani elimu ya chakula na kazi yake mwilini, huenda akaulizwa kama ni lazima kwenda chuo kikuu ili kujifunza kupika. Msomaji, ikiwa umepata kuulizwa swali hilo, au umepata kuliuliza, insha hii ni yako. Sitashindana nawe kwa maneno. Nitakueleza jinsi elimu hii ilivyokua katika Afrika ya Mashariki, ni nani walioijenga, walikosea wapi, na makosa hayo yaliwagharimu nini watoto wetu. Kisha utaamua mwenyewe.

Na tuanzie Siongiroi, katika Chepalungu, Kaunti ya Bomet. Mashamba makubwa ya chai yako upande wa juu, penye mvua na baridi; huku chini ni nchi ya ng'ombe na mahindi. Wenyeji wake ni Wakipsigis. Hapo zamani chakula chao kikuu kilikuwa ugali wa wimbi, maziwa, na mboga za majani kama mgagani na mnavu. Maziwa waliyagandisha katika vibuyu vilivyopakwa mkaa wa miti maalumu, yakawa mursik, na hayo bado hunywewa hata leo. Watu hao hawakuwa na kitabu cha lishe, lakini hawakuwa wajinga wa chakula. Leo twajua kuwa wimbi lina madini ya chokaa mengi kupita mahindi, kwamba mboga zile zina vitamini na madini ya chuma, na kwamba maziwa hukamilisha upungufu wa nafaka. Walilolijua kwa mazoea, maabara imelithibitisha kwa vipimo.

Mabadiliko yalikuja pamoja na utawala wa Waingereza. Ardhi nyingi katika nchi ya Kericho ilitwaliwa, na katika miaka ya 1920 makampuni yakaanza kupanda chai kwa wingi. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kwa kazi ya mshahara au kwa kuuza mazao. Mfanyakazi wa shamba alipewa posho, na posho hiyo ilikuwa hasa unga wa mahindi. Mahindi yalikuwa mepesi kulima na mepesi kuuza kuliko wimbi. Vinu vya kusaga vilipoenea, yalishika nafasi ya kwanza mezani. Simlaumu mkulima aliyeyachagua, wala mahindi yenyewe si adui. Lakini anayebadilisha nafaka moja kwa nyingine, huku mboga na maziwa vikipungua, hubadilisha mwili wa mtoto wake bila kujua.

Ni katika miaka hiyo hiyo ya 1920 wataalamu walipoanza kuupima mwili wa Mwafrika kwa ajili ya elimu ya chakula. Utafiti wao uliovuma kuliko mwingine ulifanywa Kenya. John Boyd Orr, mtaalamu kutoka Aberdeen, na J. L. Gilks, mkuu wa idara ya uganga ya Kenya, waliwalinganisha Wamasai na Wakikuyu, na taarifa yao ikapigwa chapa mwaka 1931. Walisema kuwa wanaume wa Kimasai, waliokula maziwa, nyama na damu, waliwapita wanaume wa Kikuyu, waliokula nafaka na viazi, kwa urefu wa inchi 5 na uzito wa ratili 23, na kwamba nguvu za misuli yao zilizidi kwa nusu. Boyd Orr baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 1945, na mwaka 1949 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Kazi hiyo ilikuwa na faida, kwani ilionyesha wazi kuwa afya ya watu haitengenezwi hospitalini peke yake. Lakini tazama pia upungufu wake. Wataalamu hao walilinganisha makabila mawili kana kwamba ni mimea katika vitalu viwili, hali Wamasai na Wakikuyu walikuwa wakibadilishana vyakula na kuoana kwa vizazi vingi. Ulinganifu wa jinsi hiyo hauwezi kueleza kwa nini mtu anakula anachokula: ni nani aliyenyang'anywa shamba, ni nani anayedaiwa kodi, na ni nani katika nyumba hula mwisho. Mizani hupima uzito. Sababu ya uzito ni shurti iulizwe.

Aliyeuliza alikuwa mwanamke. Cicely Williams, daktari aliyezaliwa Jamaica, alitumwa kufanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo Ghana leo. Huko aliwaona watoto wa mwaka mmoja hadi minne wenye miguu iliyovimba, ngozi iliyobambuka na nywele zilizofifia rangi, nao wengi wakifa. Mwaka 1933 aliueleza ugonjwa huo kwa maandishi, na mwaka 1935 akautaja kwa jina ambalo Waga wa Accra walikuwa wakilitumia: kwashiakoo. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa katika nafasi yake mdogo wake anapozaliwa. Fikiri, msomaji, jinsi elimu ilivyokusanyika katika neno hilo moja! Mtoto huachishwa ziwa kwa sababu mwingine amekuja. Hupewa uji mwepesi wa mahindi badala ya maziwa ya mama. Na mwili wake hudhoofika. Kina mama walikuwa wameijua sababu, nao waliitia katika jina.

Wakubwa wa uganga hawakukubali upesi. H. S. Stannus, mtaalamu wa magonjwa ya nchi za joto, alisema kuwa ugonjwa huo ni pelagra tu, maradhi ya ngozi yaliyokwisha julikana kwa walaji wa mahindi. Hata Hugh Trowell, daktari mwenye moyo wa utafiti aliyefanya kazi Kenya na kisha Mulago, Uganda, kwa muda aliuita pelagra ya watoto wachanga. Lakini dawa ya pelagra haikuwaponya watoto hao. Miaka ikapita kabla ya jina la Waga kushinda. Mwaka 1952 Brock na Autret walitoa taarifa ya Umoja wa Mataifa juu ya kwashiakoo barani Afrika, na mwaka 1954 Trowell pamoja na Davies na Dean wakatoa kitabu kizima juu yake, kilichotokana na kazi yao ya Kampala. Basi wakati wataalamu walipokuwa wakibishana juu ya jina, watoto walikuwa wakizikwa. Hiyo ndiyo gharama ya kosa katika elimu hii, na ndiyo sababu haifai kuiita elimu ya mchezo.

Kosa la pili lilifuata la kwanza. Kwa kuwa kwashiakoo ilionekana kuwa upungufu wa protini, dunia nzima ilianza kutafuta protini: unga wa maziwa, unga wa samaki, vyakula vya viwandani. Mwaka 1974 Donald McLaren, aliyekuwa amefanya utafiti Mwanza katika Tanganyika, aliandika katika jarida la Lancet kwamba juhudi hiyo kubwa ilikuwa imepotea njia. Watoto wengi, alisema, walikosa chakula cha kutosha kwa jumla, si protini pekee. Tunalojifunza hapa ni kwamba mtaalamu wa kweli hukubali kusahihishwa, hata ikiwa kosa lake limekwisha kula fedha na miaka.

Wakati huo huo Kampala ilikuwa imeonyesha njia nyingine. Mwaka 1965 kituo cha Mwanamugimu kilifunguliwa Mulago. Jina hilo limetoka katika methali ya Waganda isemayo kuwa mtoto mwenye siha hutokana na mbeleko, yaani na malezi ya mama yake. Hapo mama hakupewa dawa na kurudishwa nyumbani. Alifundishwa kuchanganya ndizi au viazi na maharage, karanga na mboga, vyakula vya shamba lake mwenyewe, na kumwona mtoto wake akipona kwa mkono wake. Mama wa namna hiyo akirudi kijijini huwa mwalimu wa jirani zake.

Tanganyika nayo ilikuwa na Michael Latham, daktari aliyezaliwa Kilosa mwaka 1928, ambaye kitabu chake juu ya lishe ya binadamu katika Afrika ya joto kilitolewa mwaka 1965. Mwaka 1973 Bunge la Tanzania lilianzisha Taasisi ya Chakula na Lishe, na tangu mwaka 1983 mkoa wa Iringa ukawa shule ya dunia. Katika vijiji 168 watoto walipimwa uzito mbele ya wazazi wao, na matokeo yakajadiliwa kijijini hapo hapo: mtoto huyu amekonda kwa sababu gani? Je, ni homa? Je, mama yuko shambani tangu alfajiri? Je, maji ni machafu? Utapiamlo mkali ulipungua sana katika miaka michache. Mawazo ya Iringa yaliingia katika mpango wa UNICEF wa mwaka 1990, unaotenga sababu za karibu za utapiamlo, sababu zilizo nyuma yake, na sababu za mizizi. Swali ambalo Orr na Gilks hawakulifikisha mwisho lilipata jibu katika mikutano ya vijiji.

Wala usidhani kuwa lishe ni habari ya njaa pekee. Trowell yule yule aliona Uganda kwamba magonjwa ya moyo yaliyowaua Wazungu wengi yalikuwa haba mno kwa Waafrika wa wakati wake. Mwaka 1956 kisa kimoja tu cha Mwafrika kilistahili kuandikwa kama habari mpya. Yeye na Denis Burkitt walifikiri kuwa makapi ya nafaka na mboga ni kinga, na wakayaeleza mawazo hayo katika kitabu cha mwaka 1975. Leo shinikizo la damu na kisukari vimo vijijini mwetu. Ugali wa wimbi uliodharauliwa umerudi kuagizwa na madaktari.

Katika Kenya, mwaka 1979 wanafunzi wa shule za msingi walianza kupewa maziwa bure na serikali. Mwaka 2007 sheria ilipitishwa ya kusimamia wataalamu wa lishe na kuanzisha taasisi ya kuwasajili. Tangu hapo si kila anayejiita mtaalamu anakubaliwa. Mwaka 2012 sheria iliwalazimisha wasagaji kuongeza vitamini na madini katika unga uliofungwa viwandani. Miongoni mwa walioitumikia elimu hii ni Profesa Ruth Oniang'o, aliyekuwa pia mbunge na aliyepata Tuzo ya Chakula ya Afrika mwaka 2017. Mwaka 2014, katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka 5, 26 walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022 walikuwa 18. Ni maendeleo, lakini 18 si idadi ya kujivunia.

Rudi sasa Siongiroi uone kazi iliyobaki. Wakulima wamejenga kituo cha kupozea maziwa, na maziwa ya asubuhi huwa fedha. Fedha hiyo hulipa karo, nami sitasema ng'ombe asikamuliwe kwa soko. Lakini ikiwa maziwa yote yapita langoni na mtoto wa miaka miwili abaki na ugali na chai ya rangi, nyumba imepata faida na hasara kwa siku moja. Tena chai, fahari ya nchi yetu, inywewapo pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika nafaka na mboga, na mama mjamzito aliyepungukiwa na damu hana ya kupoteza. Nani atamweleza mama huyo kwamba anywe chai yake baada ya muda, bila kumdharau? Nani atakokotoa ni vikombe vingapi vya maziwa vibaki nyumbani, na karo ikalipwa pia? Kazi hiyo yataka mtu ajuaye kemia ya chakula na bei ya maziwa, ajuaye mwili wa mtoto na lugha ya bibi yake.

Mtu huyo hupatikana kwa kusoma. Vyuo vikuu vyetu, kama vile Nairobi, Kenyatta na Egerton, hufundisha lishe, na shahada huchukua miaka 4. Baiolojia na kemia ndizo nguzo zake, kwa hiyo usizikimbie ungali shuleni. Hisabati itakufaa katika vipimo, na Kiswahili chako pamoja na lugha ya mama vitakufaa zaidi kuliko unavyofikiri, kwa maana utafiti usioweza kuelezwa jikoni hautamnenepesha mtoto.

Sasa hukumu ni yako. Elimu iliyowasumbua wataalamu wakubwa kwa miaka 20 kwa jina la ugonjwa mmoja si upishi, ijapokuwa haioni haya kuingia jikoni. Ukiichagua, chukua mizani na daftari, lakini kabla ya kuandika lolote muulize mama ugonjwa huo wauitaje kwenu, na umngojee mpaka amalize kujibu.