Birika la Mvua na Mfereji wa Chumvi: Maji ya Nyumba za Ngazidja



Wenzetu walioolewa Moroni wana lalamiko moja linalozidi yote, na wala si la mume au mawifi. Ni la sabuni. Unafungua mfereji, unasugua mpaka mkono unachoka, povu halitoki. Nywele zikikauka zinakuwa kama makumbi, na sufuria ya chai imeota ganda jeupe. Siku ya pili mama mkwe anakupa ndoo ya maji kutoka birika la mvua, na sabuni ile ile inatoa povu la kujaza beseni. Nyumba moja, maji mawili. Kwa nini? Jawabu lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya wanawake.

Ngazidja ni kisiwa cha volkano. Mlima Karthala, wenye mita 2,361, ungali hai mpaka leo. Mvua huko si haba: Moroni hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hata hivyo kisiwa kizima hakina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mawe ya lava bado ni machanga, yana matundu na nyufa, na mvua ikinyesha hunywewa na ardhi papo hapo, ikashuka chini kabisa mpaka karibu na usawa wa bahari. Jirani zao wa Nzwani walijaaliwa mito, na ndiyo maana katika karne ya 17 na ya 18 merikebu za Waingereza zilizokuwa zikienda Bara Hindi zilitia nanga Nzwani kuchukua maji, matunda na ng'ombe. Ngazidja ni kisiwa kikubwa kuliko Nzwani, lakini baharia mwenye kiu hakuwa na sababu ya kusimama hapo.

Kiu hiyo imeingia hata katika hadithi za kisiwa. Kaskazini, karibu na Bangoi Kouni, kuna ziwa la maji ya chumvi ndani ya shimo la volkano. Wenyeji husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji, akapita mgeni akaomba maji ya kunywa, akanyimwa, kijiji kikazama. Sisi tunaona hadithi hiyo haiwezi kutungwa na watu wenye mto mlangoni. Asiyewahi kupima maji kwa kata hajui uzito wa kumpa mgeni kata moja.

Watu wa miji ya pwani walichimba visima vifupi vya maji ya chumvichumvi. Watu wa vijiji vya juu mlimani hawakuwa na njia hiyo, kwa sababu maji ya ardhini yako mamia ya mita chini ya miguu yao. Wao walitegemea mvua, na mvua ilipokatika walitegemea miguu na vichwa vya wanawake na wasichana. Hapo ndipo birika la mvua lilipopata cheo chake. Paa hukusanya maji, mfereji wa ukingoni huyaongoza, na birika la saruji huyatunza hadi kiangazi.

Sasa sikiliza jambo linalowahusu mabiharusi. Kwa mila ya Ngazidja nyumba ni ya mwanamke. Baba, kaka na wajomba humjengea binti yao, na mume ndiye anayehamia kwa mke, hasa kwenye ile harusi kubwa iitwayo anda. Birika likiwa ndani ya nyumba hiyo, basi nalo ni la mwanamke. Watu wanapohesabu dhahabu na nguo za anda, sisi jicho letu liko kwenye birika. Dhahabu huvaliwa siku za furaha, birika huchotwa kila alfajiri.

Lakini birika nalo lilikuja na mgeni wake. Kisiwa kisicho na mito wala madimbwi hakina mahali pazuri pa mbu kutaga mayai, ila mahali ambapo binadamu ameweka maji. Malaria iliingia Ngazidja kwa kishindo mwanzoni mwa miaka ya 1920 na kuua watu wengi. Mbu walioeneza ugonjwa huo walizaliana ndani ya mabirika ya nyumbani na ya misikitini, yale ya kutawadhia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yakafanyika majaribio ya kutia visamaki vidogo aina ya Poecilia reticulata katika mabirika hayo ili wale viluwiluwi vya mbu. Subhanallah, samaki mdogo kuliko kidole ndani ya birika la udhu, analinda watoto wa mtaa mzima.

Mfereji ulikuja baadaye. Baada ya uhuru wa 1975 visima vya kisasa vilichimbwa, na Moroni ikawa inapigiwa maji kwa pampu kutoka Vouvouni, upande wa Bambao. Wengi walidhani taabu imekwisha. Ila chini ya kisiwa kama hiki maji matamu hayakai peke yake, yanaelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Wataalamu wawili wa Ulaya, Badon Ghyben na Herzberg, walionyesha kanuni yake zaidi ya miaka 100 iliyopita: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini yake. Kanuni hiyo inasomeka pia kinyume. Ukivuta kupita kiasi, juu pakashuka mita 1, chumvi chini inaweza kupanda mita 40.

Hapo ndipo sabuni inaposhindwa. Ugumu wa maji unatokana na madini ya kalsiamu na magnesiamu. Mawe ya volkano hutoa magnesiamu, na bahari inapopenya huleta magnesiamu zaidi pamoja na chumvi. Madini hayo hushikana na sabuni yakafanya utando badala ya povu. Kwa kipimo cha kawaida, maji yenye chini ya miligramu 60 za ugumu kwa lita ni laini, yakizidi 180 ni magumu sana. Maji ya mvua karibu hayana kitu. Sisi wa Unguja tusicheke, maji yetu mengi hupita kwenye mawe ya matumbawe, na ganda la sufuria tunalijua vizuri.

Biharusi mmoja alituuliza kama maji ya chumvi yanafaa kwa udhu na josho. Yanafaa. Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu maji ya bahari akasema ni tohara, na katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Ngazidja na ya kwetu, maji yaliyobadilika kwa sababu ya mahali yalipokaa au yalipopita hayatoki katika utohara. Birika kubwa lililozidi qulatayni, ambazo kwa makadirio ya wengi ni lita 200 na kitu, halinajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka maji yabadilike rangi, ladha au harufu. Ila tohara ni jambo moja na usalama wa kunywa ni jambo jingine, na watu wa Ngazidja walikumbushwa hilo mwaka 2005. Karthala ililipuka mwezi wa Aprili, kisha tena Novemba, majivu yakaanguka juu ya mapaa na kuingia mabirikani. Watu zaidi ya laki moja walikosa maji salama, na UNICEF ikawa inagawa maji kwenye vijiji ambavyo mabirika yake yalikuwa yamejaa. Vumbi halikuondoa utohara, lakini nani angempa mtoto maji yale?

Kwa hiyo mwenzetu unayekwenda huko, ukionyeshwa nyumba uliza birika liko wapi, lina mfuniko na wavu, na lini lilisafishwa mara ya mwisho. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe paa, usiikinge. Maji ya mfereji yatumie kwa sakafu na choo. Ya mvua yaweke kwa nywele, kwa mbaazi zisizotaka kuiva katika maji magumu, na kwa kusagia msandali wako wa uso. Ya kunywa yachemshe.