TIBA YA SINDANO YA WACHINA

Wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi vijana mnaokalia madawati tuliyoyaacha,

Mimi ni mtumishi wa serikali, wala si tabibu. Lakini historia niliisoma Chuo Kikuu, na kuna neno moja hunikera kila nilisikiapo: eti tiba ya sindano ya Wachina yafaa kuaminiwa kwa kuwa haikubadilika kwa miaka elfu tano. La hasha!

Katika kaburi la Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo na kufukuliwa miaka ya 1970, yalikutwa maandishi ya tiba juu ya hariri. Yanaeleza njia 11 mwilini, nazo hutibiwa kwa kuunguzwa na majani makavu, si kwa sindano. Sindano twaikuta imeshika nafasi yake katika Huangdi Neijing, kitabu cha zama za Han. Humo njia ni 12, na ndani yake hupita qi, yaani nguvu ya uhai. Qi ikikwama, maumivu huzuka. Sindano ikichomwa mahali pake, huifungulia.

Ninyi wanafunzi mtaipenda habari ya Wang Weiyi. Mwaka 1027 alisimamia kusubiwa kwa sanamu mbili za shaba, kimo cha mtu, zenye tundu kila mahali pa kuchomwa. Yasimuliwa kwamba siku ya mtihani sanamu ilipakwa nta na kujazwa maji. Mtahiniwa akipatia, maji yalitoka. Akikosea, sindano iligota. Hapakuwa na kuchungulia karatasi ya jirani!

Heshima hiyo haikudumu. Mwaka 1822 Mfalme Daoguang aliifuta tiba hiyo katika taasisi ya matabibu wake, kwa hoja kwamba haiufai mwili wa mfalme. Mwaka 1929 ikapitishwa rai ya kukomesha tiba zote za jadi. Waganga wakakusanyika Shanghai kupinga, na rai ikashindwa. Ni serikali ya Mao, yenye madaktari wachache na watu mamilioni, iliyoiingiza hospitalini katika miaka ya 1950, pamoja na vitabu vya kufundishia vya namna moja.

Mwaka 1971 mwandishi wa Marekani, James Reston, alipasuliwa kidole tumbo huko Peking. Wengi husimulia kwamba alitiwa ganzi kwa sindano hizo. Sivyo: alipewa dawa za kawaida, na sindano zilikuja baadaye, kumwondolea gesi tumboni.

Je, inaponya? Majaribio ya kisasa yameonyesha nafuu kiasi kwa maumivu ya mgongo na ya kichwa. Lakini mgonjwa aliyechomwa sindano za uongo naye alipata nafuu, na tofauti baina yao ilikuwa ndogo.