Mtoto na maji: tangu kibuyu mpaka bidoni

Wengine watashangaa kuona mchezo wa maji unaingia katika kitabu cha mila. Mchezo wa mtoto, watasema, si historia. Sisi tunaona kinyume. Ukitaka kujua namna watu wa Bukavu walivyoishi na maji, tazama kile mtoto wa miaka mitatu aliachiwa kufanya nayo.

Kabla ya bomba, maji yalikuwa ya chemchemi na ya mto, na vyombo vyake vilikuwa kibuyu na mtungi. Mama anafua, mtoto yuko pembeni na kipande cha kibuyu: anachota, anamwaga, anachota tena. Ganda la mgomba ndio mtumbwi. Hakuna aliyeita hiyo masomo. Lakini tuseme ukweli wote: mvulana alicheza akachoka, akaenda. Msichana alipewa kibuyu cha kipimo chake, na siku moja mchezo ukageuka kazi. Wanaosifu zamani bila kusema hilo wanasifu nusu.

Wakati huohuo wazungu nao walikuwa wanagundua jambo lilelile. Huko Roma, mwaka wa 1907, Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto, na kati ya mazoezi yake kulikuwa kumimina maji toka chombo kimoja hadi kingine na kunawa mikono. Mwaka wa 1941 Jean Piaget na Alina Szeminska walichapisha kazi yao juu ya hesabu kwa mtoto. Unamimina maji ya bilauri pana katika bilauri nyembamba, yanapanda juu, mtoto mdogo anasema yameongezeka. Mpaka afikie karibu miaka saba hivi, humtoi hapo kwa maneno. Siye tuliopita katika taasisi ya ualimu tulifundishwa hayo kwa kifaransa, ubaoni, bila tone moja la maji. Mtoto wa chemchemi alikuwa na vyombo vyote vya jaribio hilo mkononi.

REGIDESO ilianzishwa mwaka wa 1939. Kuanzia 1952 ofisi ya wakoloni iliyoitwa OCA ilijenga mitaa ya waafrika katika miji mikubwa, na Bagira yetu ni mojawapo. Katika miji hiyo, foyers sociaux ziliwafundisha wamama kuogesha mtoto kwa namna ya wabeleji. Beseni ikachukua nafasi ya mto. Tunaona hasara ilikuwa ndogo: mtoto aliendelea kumwaga na kucheka, tena karibu na mama yake.

Hasara kubwa ilikuja baadaye. Mwezi wa saba 1994, kolera iliua maelfu na maelfu ya wakimbizi karibu na Goma, na hofu yake ikabaki pande zote za ziwa. Tena mji umejaa, bomba zinakauka, maji yanahesabiwa kwa bidoni ya lita 20 inayopanda mlima mgongoni mwa mtu. Ndiyo maana neno la kwanza mtoto wa Kadutu analosikia juu ya maji ni: «Acha kuchezea mayi!» Hatumlaumu mama anayelisema. Yeye ndiye aliyepanda na bidoni.

Lakini lita tatu zinatosha. Chukua beseni pana, maji yasipite sentimeta tano, uiweke kivulini. Tia kikombe, kijiko, chupa ya plastiki iliyotobolewa matako, jiwe, kipande cha ganda la mgomba. Kama maji ni ya ziwa au ya mto, yachemshe kwanza, yapoe, kwa sababu mtoto atayaonja tu, hata ukikataza. Mkubwa asitoke hapo hata dakika moja. Mtoto anaweza kuzama katika maji yasiyofika goti. Muulize kwa lugha ya nyumbani: nini itazama, nini itaelea? Acha akosee. Mchezo ukiisha, maji hayo yanasafisha sakafu au choo, na beseni inapinduliwa.

Na majina? Kwa mashi, kwa kilega, kwa kihavu, wazee wangali na maneno ya kumwaga, ya kuchuruzika, ya kurusha maji kwa kiganja. Watoto wa mtaani wanasema «kumwanga» kwa yote. Tunawaomba wasomaji wenye bibi nyumbani wamuulize wakati mtoto yuko kwenye beseni, na waandike.