Yoga ya joto

Yoga ya joto ni jina la jumla la mitindo ya yoga inayofanyika katika chumba kilichopashwa joto kwa makusudi, mara nyingi kati ya digrii 32 na 41 za Selsiasi. Mtindo unaojulikana zaidi ni Bikram Yoga, ulioenezwa na Bikram Choudhury kutoka Marekani kuanzia miaka ya 1970. Yoga yenyewe ina asili ya kale nchini India, lakini desturi ya kupasha chumba joto ni ya karne ya 20.

Historia

Choudhury alizaliwa Kolkata, India, akafundishwa yoga na Bishnu Charan Ghosh, mwalimu wa mazoezi ya viungo na mdogo wake Paramahansa Yogananda. Mikao aliyoifundisha ilitokana na mafunzo ya Ghosh. Alipofundisha nje ya India, alitumia vipasha joto ili chumba kifanane na hali ya hewa ya kwao. Baadaye walimu wengine walianzisha mitindo yao, kama vile Moksha iliyoanza Kanada mwaka 2004.

Namna inavyofanyika

Kipindi cha Bikram Yoga huchukua dakika 90 katika joto la digrii 40 hadi 41 na unyevu wa asilimia 40 hivi. Wanafunzi hufanya mikao 26 na mazoezi 2 ya kupumua kwa mpangilio uleule kila siku. Sehemu ya kwanza hufanywa kwa kusimama, ikiwemo mikao ya tai na mti. Ya pili hufanywa sakafuni, ikiwemo mikao ya swila na ngamia. Kwa kawaida mwalimu haonyeshi mikao kwa mwili wake, bali huelekeza kwa maneno.

Joto na mwili

Mwili hujipoza kwa kutoa jasho, lakini jasho hupoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Katika chumba chenye joto na unyevu jasho huchelewa kukauka, kama nguo zilizoanikwa siku ya mawingu, na sehemu yake hudondoka bila kuleta nafuu. Damu nyingi huelekezwa kwenye ngozi, na moyo hupiga haraka zaidi. Kwa hiyo mapigo ya haraka ya moyo katika chumba hicho hayaonyeshi kwamba misuli imefanya kazi kubwa zaidi.

Hudaiwa mara nyingi kwamba jasho hutoa sumu mwilini. Jasho ni maji na chumvi kwa sehemu kubwa kabisa. Kazi ya kuondoa taka hufanywa hasa na ini na figo. Uzito unaopungua mara baada ya kipindi nao ni wa maji, na hurudi mtu anapokunywa.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Texas State uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha watu waliofanya mikao ya Bikram kwa wiki 12, wengine katika chumba cha joto na wengine katika chumba cha kawaida. Kuhusu afya ya mishipa ya damu, joto halikuongeza faida juu ya ile iliyotokana na mikao yenyewe.

Tahadhari

Misuli iliyopata joto hunyumbulika kwa urahisi, hivyo mtu anaweza kujivuta kupita kiasi bila kutambua. Hatari kubwa zaidi ni kupungukiwa maji na joto la mwili kupanda mno. Kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya kichwa ni dalili za kutoka chumbani mara moja, hata kama mwalimu anahimiza wanafunzi wavumilie. Kuchanganyikiwa au kuzimia ni dharura ya kitabibu.

Wajawazito, wagonjwa wa moyo au shinikizo la damu, na wanaotumia dawa za kuongeza mkojo wanashauriwa kumwona daktari kwanza. Maji yanywewe kabla, wakati na baada ya kipindi, lakini kwa kiasi, kwani maji mengi mno kwa mara moja hupunguza mno kiwango cha chumvi katika damu.

Hakimiliki na kesi

Choudhury alidai hakimiliki ya mpangilio wa mikao 26 na kuwashtaki walioufundisha bila idhini yake. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba hakimiliki hulinda kitabu kinachoeleza mazoezi, lakini si mazoezi yenyewe. Hivyo yeyote anaweza kuyafundisha.

Kuanzia mwaka 2013 wanawake kadhaa walimshtaki Choudhury kwa unyanyasaji wa kingono, madai aliyoyakana. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama mjini Los Angeles liliamuru amlipe aliyekuwa mshauri wake wa sheria fidia ya zaidi ya dola milioni 6, katika kesi ya kumsumbua kingono na kumwachisha kazi isivyo halali. Mwaka 2017 hati ya kumkamata ilitolewa baada ya fidia hiyo kutolipwa. Wakati huo alikuwa ameondoka Marekani. Studio nyingi ziliacha kutumia jina lake, ingawa mikao inaendelea kufundishwa kwa jina la yoga ya joto.